Mirija ya Mke Wangu Haikuwa na Kosa

Tangu wiki iliyopita nimetukanwa na watu nisiowajua. Msomaji mmoja ameandika kwamba mwanaume kama mimi hastahili hata mbwa, achilia mbali mke. Mama mwingine ameuliza kama ninapata usingizi. Siupati, mama. Na kuhusu mbwa, sina la kubisha.

Kwa aliyechelewa, avute kiti nimweleze upesi, kwa sababu ya leo ni mazito.

Mimi ni kinyozi. Ni mrefu, miguu ndiyo imechukua sehemu kubwa ya urefu huo, na kidevuni sina kitu. Ndevu za wenzangu nimezichonga miaka kumi na mitano, zangu sijaziona. Mtaani wananiita Kidevu, na kila anayeniita hivyo hucheka kana kwamba utani huo kaubuni yeye asubuhi hiyo.

Mke wangu ni karani wa masjala, anatunza mafaili ya watu ofisini. Tumeishi miaka tisa bila mtoto. Lawama aliibeba yeye. Mama yangu alimtwika, majirani wakamwongezea, mimi nikawa mtazamaji.

Halafu nikaenda kupimwa kwa siri. Daktari, mwanamke mpole mwenye miwani, alinieleza taratibu kama anayemfundisha mtoto kusoma.

"Binadamu ana kromosomu arobaini na sita. Ndizo zinazobeba maagizo ya mwili, uwe vipi na uwe nani. Mwanaume huwa na X moja na Y moja. Wewe una X mbili na Y moja. Jumla yako ni arobaini na saba."

"Kwa hiyo nimezidi?" nilimuuliza. Maisha yangu yote nilijua kuzidi ni baraka.

"Umezidi moja. Ndiyo maana korodani zako hazitengenezi mbegu. Nguvu unazo, mbegu hakuna. Si laana, si urithi, si kosa la mtu. Ilitokea tu pale mimba yako ilipotungwa."

Akaniambia upo uwezekano mdogo. Wangenifanyia upasuaji wa kutafuta mbegu chache, huenda zimejificha huko ndani.

"Kwa kisu?"

"Kisu kidogo."

Niliinuka nikaondoka hajamaliza sentensi.

Mke wangu nikamwambia nimepimwa na niko salama. Hospitali ya pili ilipotaka nipimwe upya, nilimtuma mdogo wangu akapimwe kwa jina langu. Majibu yake yalikuwa mazuri ajabu. Daktari wa pili akayasoma, akasema mume ni mzima, basi tuitazame mirija ya uzazi ya mke. Akampangia upasuaji.

Kisu kidogo nilikikimbia mimi. Kikubwa nikamwachia mke wangu.

*

Siku moja kabla ya upasuaji, saluni ilikuwa na wateja wawili. Kwenye kiti changu aliketi fundi saa, mzee wa maneno mengi. Kwenye kiti cha pili mdogo wangu alikuwa anamnyoa dereva wa lori.

Mdogo wangu tunamwita Brashi. Ndevu zake zinaanzia karibu na macho. Wateja hupenda kusema kwamba mama alipokuwa anatuzaa, za kaka alizipakia kimakosa kwa mdogo.

"Kidevu, nasikia shemeji anaingia hospitali kesho," fundi saa alisema.

"Anaingia, mzee."

"Mungu amtangulie. Lakini nikwambie kitu. Mke wangu naye walimsema miaka mitatu. Akanywa mizizi, akaombewa, akapakwa mafuta. Kumbe kosa ni langu."

Mkono wangu ulisimama juu ya sikio lake.

"Kosa gani, mzee?"

"Nilikuwa silali nyumbani!"

Dereva wa lori alicheka mpaka nywele zikamwingia mdomoni. Mimi pia nilicheka, maana kinyozi asiyecheka na wateja afunge duka. Brashi hakucheka. Alizima mashine, akaiweka mezani.

"Kaka, njoo nje mara moja."

Nyuma ya saluni ndipo tunapoanika taulo. Alisimama katikati ya kamba mbili, akanikazia macho.

"Umemwambia?"

"Nitamwambia."

"Lini? Kesho saa nne anapasuliwa."

"Leo."

"Juzi ulisema leo."

"Mama ana presha, unajua. Akilisikia hili ghafla..."

"Presha ya mama ina vidonge," alisema. "Dada yake shemeji walimchoma dawa ya usingizi, akalala moja kwa moja. Umesahau? Si tulikwenda kuzika wote, mimi na wewe tumeshika jeneza upande mmoja?"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi. Mimi niliingia kile chumba cha maabara kwa ajili yako. Uliniambia ni karatasi tu, ya kumnyamazisha mama. Hukuniambia kuna mtu atapasuliwa kwa karatasi hiyo!"

Alikuwa analia. Sijawahi kumwona mdogo wangu analia tangu tuzike baba. Machozi yalikuwa yanaingia kwenye ndevu na hayaonekani yanakotokea.

"Wakubwa walisema mficha uchi hazai," akaniambia.

"Mimi hata nikiufunua sizai."

Nilidhani atacheka. Hatujawahi kugombana tukashindwa kumalizana kwa utani, sisi wawili. Safari hii alinitazama kama mtu aliyepotelewa na kitu mfukoni.

"Kesho nafungua saluni, nawanyoa wa asubuhi," alisema. "Saa tatu na nusu nitakuwa hospitali. Nikikuta hujasema, nasema mimi, mbele ya mama."

"Utaniua, Brashi."

"Utapona. Wewe huna kidonda."

Aliingia ndani. Dereva wa lori alikuwa bado ameketi, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado, akatuuliza kwa unyenyekevu kama kuna kitu amekosea.

*

Jioni nilifika nyumbani nimeyapanga maneno. Niliyarudia njia nzima, hata mwuza mkaa wa kona akadhani namsalimia yeye.

Mama alikuwa sebuleni. Amekuja kukaa nasi siku tatu kwa ajili ya upasuaji. Miaka tisa mama hajawahi kuingia nyumbani kwangu bila kupitisha macho tumboni kwa mke wangu kabla ya kujibu salamu. Siku hiyo alikuwa amekunja nguo za hospitali juu ya mapaja yake, anazipanga kwenye mkoba, moja moja, kwa mikono miwili.

"Mkwe wangu, kandambili umeweka?"

"Nimeweka, mama."

"Na shuka la kwako mwenyewe? La hospitali sina imani nalo."

Mke wangu akacheka kidogo. Sikumbuki mara ya mwisho wawili hao kucheka chumba kimoja. Nikasimama mlangoni na maneno yangu, nikaona nitaharibu.

Ndivyo ninavyojidanganya, wasomaji. Nikitaka kunyamaza sikosi sababu nzuri.

Baada ya kula, mama alikwenda kuoga. Mke wangu akatoa fomu ya hospitali, akailaza mezani, akainyoosha pembe zake kwa kiganja kama afanyavyo kazini.

"Mgonjwa anasaini hapa, mume anasaini hapa," alisema. "Wakikuta mirija imeziba, wataizibua. Wakikuta imeharibika, wataitoa. Imeandikwa hapa kwamba tumekubali."

"Waitoe?"

"Ndivyo ilivyoandikwa. Isome."

Sikuisoma. Alichukua kalamu yake, akagusa karatasi, kalamu ikagoma. Akaitikisa, akajaribu tena pembeni, haikutoa wino.

Akaiweka chini. Akanitazama.

"Una neno lolote kabla sijasaini?"

Lilikuwa swali la wazi kabisa. Mlango umefunguliwa, taa imewashwa, mtu anasubiri tu uingie. Kule bafuni nilisikia mama anamwaga maji na kuimba kwa chini.

"Usiogope," nilisema. "Madaktari wa siku hizi wana ujuzi."

Nikainuka, nikaenda kwenye koti langu, nikamletea kalamu yangu.

Nilimletea kalamu. Nimeandika mara mbili ili nisije nikajitetea mbele huko.

*

Asubuhi tulifika hospitali saa moja. Mama alibaki kwenye benchi la korido, nje ya chumba cha kusubiri upasuaji, kwa kuwa waliruhusu mtu mmoja tu kuingia na mgonjwa. Nikaingia mimi.

Kitanda kilikuwa kimesukumwa ukutani, na pazia la kijani lililokatika ndoano mbili. Mke wangu alibadilisha nguo. Vazi la hospitali linafungwa mgongoni, akanigeukia nimfungie kamba. Mgongo wake ulikuwa wa baridi. Nilifunga ya juu, nikafunga ya kati, ya chini vidole vikagoma.

"Unatetemeka," alisema.

"Baridi."

"Wewe? Hata mashuka huwa unayatupa."

Nesi akachungulia kwenye pazia. Alikuwa dada mnene mwenye sauti ya kuchangamka, kama mtu anayetangaza sherehe.

"Mama, wewe ulipangiwa saa nne, sivyo? Tunakuchukua sasa hivi. Wa kwanza wetu amekunywa chai, na tumemwambia asile wala asinywe! Basi yeye anasubiri, unaanza wewe. Naleta kitanda cha magurudumu, dakika kumi."

Akaondoka. Nilitazama saa ya ukutani. Saa tatu kasoro dakika kumi. Brashi alikuwa bado saluni, ananyoa wateja wa asubuhi.

Mke wangu alikaa ukingoni mwa kitanda, akashika magoti yake. Nikaona midomo yake inatikisika. Alikuwa anamtaja dada yake.

Hapo ndipo nikavunjika.

"Usiingie," nilisema.

"Kwa nini?"

"Usiingie humo. Huna ugonjwa wowote. Mirija yako haina kosa. Ni mimi. Tangu mwanzo ni mimi. Nilipimwa, nikaambiwa sina mbegu, nimezaliwa na kasoro ya kromosomu, nikakuficha. Yale majibu mazuri ni ya Brashi. Nilimtuma kwa jina langu. Ni mimi, mke wangu. Ni mimi."

Nilisema yote kwa pumzi moja. Nikafumba macho nikisubiri kofi. Kofi ningelipokea kwa shukrani.

Halikuja.

"Arobaini na saba," alisema.

Nikafumbua macho.

"Umesema nini?"

"Kromosomu zako. Karatasi inasema ziko arobaini na saba."

Nilikaa sakafuni.

"Unajua?"

"Miezi minne sasa."

"Nani kakwambia? Brashi?"

"Usimsingizie shemeji yangu," alisema. "Uliificha kwenye boksi la mashine mbovu, juu ya kabati. Tangu lini wewe unatunza mashine mbovu? Kazi yangu mimi ni karatasi, bwana. Karatasi iliyokaa pasipo pake naiona sijavua hata viatu."

"Na majibu ya hospitali hii..."

"Jina lako, sahihi ya Brashi. Vile anavyovuta mkia wa mwisho kama anapitisha wembe. Si nimeiona kwenye kadi zote za harusi yake?"

Alikuwa anaongea kwa utulivu, kama anayenisomea faili la mtu mwingine. Utulivu huo ulinitisha kuliko kelele.

"Sasa mbona ulikubali upasuaji? Mbona ulisaini?"

Alivuta lile vazi likafunika magoti.

"Nilikuwa nakusubiri," alisema.

"Kunisubiri?"

"Nilipoiona ile karatasi nilisema, ataniambia. Anaogopa tu, mpe muda. Ukaleta majibu ya uongo. Nikasema, siku daktari atakapotaja upasuaji, hapo hatavumilia. Daktari akataja, wewe ukamuuliza kama kuna maegesho. Nikasema, basi siku ya kupimwa damu. Nikasema, siku ya fomu. Kalamu yangu ile haikuwa mbovu sana, ningeitikisa kidogo ingeandika. Nilikuwa nakupa nafasi. Ukaniletea ya kwako."

Nililia, na sioni aibu kuwaambia. Nilimshika miguu yake iliyokuwa peku, nikalia juu yake.

"Inuka, watu wanaona," alisema, lakini mkono wake ulikuwa kichwani mwangu. "Sikiliza. Habari ya mtoto hukuninyima wewe. Hiyo niliilia wiki nzima, chooni kwetu kazini, nikamaliza. Nikasema tutazeeka wawili, tutakuwa wazee wa kugombania rimoti. Ningekaa na wewe hivyo hivyo na arobaini na saba zako. Ningekaa!"

Sauti yake ikakatika hapo. Ndipo nikajua chini ya ule utulivu kulikuwa na nini.

"Lakini uliniacha peke yangu," akasema. "Miaka yote mama yako ananisema, ulikuwa hujui, sawa, nilikusamehe. Lakini hii miezi minne ulijua. Aliniita gogo mbele ya wageni na wewe ulikuwa unajua. Ulikuwa unatafuna, unajua."

"Nisamehe."

"Tutaona."

"Vaa nguo zako, twende nyumbani."

Alitikisa kichwa.

"Mama yuko hapo nje kwenye benchi. Nenda ukamwambie. Mimi nisiwepo, Brashi asiwepo. Wewe, kwa mdomo wako."

"Ana presha..."

"Na mimi nina dada kaburini."

Nilijifuta uso kwa mkono wa shati.

"Ukimwambia," alisema, "navaa nguo, tunarudi nyumbani wote watatu, na mambo mengine tutayazungumza huko. Usipomwambia, nitapanda hicho kitanda. Nitawaacha wanikate, ili mama yako apate kile anachokitafuta. Na nikiamka, sitaamkia kwako."

Nilimtazama nione kama anatania. Mke wangu si mtu wa kutania na karatasi wala na maneno.

"Nenda," alisema. "Dakika kumi si nyingi."

*

Mama alikuwa na mkoba wa mke wangu mapajani, ameukumbatia. Aliponiona alisogea kunipa nafasi.

"Kaa, mwanangu. Mbona macho mekundu? Kaza moyo. Ukilia wewe, yeye atafanyaje?"

Nikakaa. Aliuchukua mkono wangu akauweka juu ya mkoba, akaufunika kwa wake. Mlango wa chumba nilikotoka niliuacha nyuma yangu, umeegeshwa tu.

"Mama, nina jambo."

"Nami nina jambo. Acha nianze, maana nikichelewa nitaona haya." Akashusha pumzi. "Nimemkosea mkeo."

Niligeuka nikamtazama.

"Nimemsema maneno ambayo hata mbuzi wangu sijamwambia. Niliona ni ukaidi, niliona labda alitoa mimba ujanani, niliona kila kitu kibaya. Kumbe ni ugonjwa. Nani anaomba ugonjwa? Akitoka humo nitapiga magoti nimwombe radhi. Magoti yangu haya mabovu, nitayapiga hivyo hivyo."

Sikilizeni jinsi Mungu alivyonirahisishia. Neno lote alishalisema yeye. Ugonjwa hauombwi. Ilikuwa nibadilishe jina la mgonjwa tu.

"Mama," nilisema, "kweli hutamlaumu mtu kwa alichozaliwa nacho?"

"Nimlaumu ili iweje?"

"Hata kama..."

"Kuna kitu kimoja tu namshukuru Mungu," alinikatiza, akaubana mkono wangu.

"Kipi?"

"Kwamba si wewe."

Korido ilikuwa na watu, lakini sikuwasikia tena.

"Nikwambie kweli leo, umeshakuwa mtu mzima," mama alisema. "Ulipokuwa kijana nilikuwa nakuangalia. Wenzako sauti zimevunjika, yako bado. Miguu inarefuka, kidevu kinabaki vile vile. Baba yako akisema utachelewa tu, mimi nalia jikoni. Nilijiuliza nilikula nini nilipokuwa na mimba yako, nilibeba nini kizito, nilimkosea nani. Nimejiuliza miaka thelathini, mwanangu! Siku majibu yako yalipotoka kwamba uko mzima, nilitua mzigo. Nililala usiku mzima, mara ya kwanza." Akapiga kifua chake taratibu, upande wa moyo. "Ingekuwa wewe, ningekufa. Haki ya Mungu, ningekufa."

Akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwani, akanitabasamia.

"Haya. Nawe ulikuwa na jambo gani?"

Mwisho wa korido nesi alitokea, anasukuma kitanda cha magurudumu. Anakuja polepole, anawasalimia watu.

Maneno yalikuwa manne tu. Tatizo ni mimi, mama. Hakuna hata moja gumu, mtoto wa miaka mitatu angeyatamka. Dakika tano nyuma nilikuwa nimeyasema mengi kuliko hayo, na hakuna aliyekufa. Nikamtazama mama. Nikatazama mkono wake, ulivyojaa mishipa, ulivyoushika wangu.

Nikafungua mdomo.

"Wanaanza sasa, mama," nilisema. "Tumwombee."

Mama akafumba macho papo hapo. Akainua uso juu, akaanza kuomba kwa sauti ya chini, kwa moyo wake wote. Aliomba mikono ya madaktari iwe myepesi. Aliomba mirija ya mkwe wake ifunguliwe. Aliitaja mirija hiyo mara tatu.

Nilihisi mtu nyuma yangu, nikageuka.

Mke wangu alikuwa amesimama kwenye upenyo wa mlango, peku, ameshika fremu. Kamba ya chini ya vazi lake ilikuwa inaning'inia, ile iliyonishinda kufunga. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama mama anavyoomba.

"Nimesikia," alisema.

Hakuipandisha sauti. Akanigeuzia mgongo, akarudi ndani, na mlango akaufunga taratibu mpaka kitasa kikalia.

Nesi alitufikia. "Tupisheni kidogo, wazazi," alisema kwa ile sauti yake ya sherehe. Nikavuta miguu yangu mirefu kupisha magurudumu. Akabonyeza kitasa, akausukuma mlango kwa nyonga, akaingia na kitanda chake.

Mama alifumbua macho. Aliutazama mlango, akanitazama mimi.

"Kasikia nini, mwanangu?"